Kripsi, Nailoni na Ulimi wa Apolinaria

Apolinaria alikuwa na namna yake ya kudharau watu. Hakutukana, wala hakupaza sauti. Alikutazama kuanzia viatuni, akapanda polepole mpaka usoni, na akifika hapo aligeuza kichwa pembeni kama mtu aliyefungua chungu akakuta hamna kitu. Watu wa mtaa wa Ng'ambo, pale Tabora, walikuwa wakisema ni afadhali upigwe virungu na mgambo kuliko kutazamwa na Mama Dionis, kama walivyomwita.

Alizaliwa Ipole, binti wa mrina asali. Babu yake mzaa baba, mzee Masolwa, alikuwa amebeba mizigo ya misafara tangu Ujiji mpaka Unyanyembe, na kazi hiyo ilimwachia bega moja lililoshuka na maneno machache aliyoyarudia kila masika. Alisema chumvi ya Uvinza ikifungwa vibaya hunywa mvua njiani, na mpagazi hufika mwisho wa safari amebeba kamba tu. Wajukuu wengine walicheka. Apolinaria hakucheka, yeye alimdharau yule mpagazi aliyefunga vibaya.

Mwaka hamsini na mbili, akiwa na mtoto mmoja na mume aliyekwenda mashamba ya mkonge asirudi, aliingia mjini kutafuta kazi. Akaipata kwa Velji, mwenye duka karibu na stesheni. Kusema kweli aliipata kwa Indu, mke wa Velji, kwa kuwa Velji alikaa mbele akipima sukari, na nyuma ya duka ilikuwa himaya ya Indu. Huko nyuma palikaangwa vitafunio vya Kihindi kama chevda na gathia, karanga za chumvi, na mihogo iliyokatwa myembamba mpaka ukiiweka juu ya gazeti unasoma. Wateja waliiita kripsi. Abiria wa treni ya Kigoma walishuka treni mbio kuja kuinunua kabla king'ora hakijalia.

Indu hakuwa mtu wa maneno. Alifundisha kwa kijiko chenye matundu: ukikosea, kinatua juu ya kifundo cha mkono. Ukitaka kuweka kripsi kwenye kopo zikiwa moto, pa! Ukiacha kopo nusu tupu, pa! Ukilipanga kopo la kioo kwenye dirisha ili wapita njia waone, pa, pa!

"Lakini kwa nini, bibi?" Apolinaria aliuliza siku moja.

"Kwa sababu nimesema."

Jibu hilo Apolinaria alilidharau kwa miaka kumi na tisa. Aliona kwamba Indu anajua mambo kama kasuku anavyojua salamu, na yeye hakutaka kuwa mwanafunzi wa kasuku. Basi akawa anajaribu mwenyewe, kwa siri, kwa vikopo vilivyotupwa. Akafunga kripsi moto kwenye kimoja, na alipokifungua kesho yake akakuta matone yamening'inia chini ya mfuniko na kripsi zimelegea kama ulimi wa ng'ombe. Akaacha karanga kwenye chupa juani. Siku ya tisa zilinuka rangi ya mlango. Akaweka nyingine kivulini, kwenye kopo lililojaa mpaka shingoni, na baada ya mwezi zilikuwa bado karanga. Hakumwambia mtu. Uhuru ulipokuja na watu wakajazana barabarani wakipiga ngoma, Apolinaria alikuwa tayari anajua sababu ya kila pigo la kijiko, na hilo lilimfurahisha karibu sawa na bendera.

Mwaka sabini na moja jengo la Velji lilichukuliwa na serikali pamoja na majengo mengine ya kupangisha, na baada ya miezi michache familia ikafunga virago kwenda Uingereza. Indu alimwachia Apolinaria karai kubwa na makopo mawili. Kile kijiko aliondoka nacho. Apolinaria alimtazama akipanda treni amekishika mkononi kama fimbo ya mfalme, akageuza kichwa pembeni. Usiku huo, hata hivyo, hakula.

Mwaka sabini na nne chama cha ushirika cha mtaa kilianzisha karakana ya akina mama, kumi na wawili kwa idadi, ya kukaanga kripsi za muhogo kutoka vijiji vya ujamaa. Apolinaria akachukuliwa kwa sababu ya karai lake. Hilo nalo alilidharau, kwamba wametafuta karai wakapata mtu juu yake. Na akina mama wenzake je? Huyu anaongea mno, yule anakata muhogo kama anachanja kuni. Aliyemdharau kuliko wote alikuwa Bertila, mwanamke mwembamba wa kutumia mkono wa kushoto, ambaye mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli kule Kaliua. Bertila hakuongea kabisa. Apolinaria alisema mbele ya watu kwamba yule mama hata kupiga chafya husubiri ruhusa, na wenzake wakacheka, na Bertila naye akatabasamu huku anatazama chini.

Karakana ilikwenda vizuri tu kwa mwaka mmoja, kwa makopo ya kuazima na kripsi za kupimiwa kwenye karatasi. Kisha, mwezi wa tano mwaka sabini na tano, akaja Mahona.

Mahona alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, amevaa suti ya chuenlai, ile ya mtindo wa Kichina, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuwa amekaa Bulgaria miezi kumi na minane akisomea mambo ya viwanda vidogo. Aliingia karakanani na mashine ya umeme ya kuchomea midomo ya mifuko, na robota tatu za mifuko ya nailoni, myepesi, inayoonyesha ndani, yenye picha ya mama anayetabasamu kwa meno mengi kuliko mtu anavyohitaji.

"Habari za kazi, ndugu zangu?" alisema.

Apolinaria alisubiri shikamoo. Haikuja. Basi akaanza kwenye viatu.

"Kuanzia leo," Mahona aliendelea, "mambo ya makopo yamekwisha. Nailoni haipitishi kitu. Maji hayapiti, hewa haipiti, mdudu hapiti. Na mteja anaona anachonunua. Huko ng'ambo..."

"Ng'ambo ndiyo hapa," Apolinaria alisema. "Labda ungesema huko kwingine."

Akina mama wakaangua kicheko. Mahona akasubiri kinyamaze, akajaribu tena.

"Huko Ulaya, ndugu, kila kitu kinauzwa ndani ya nailoni."

"Na juani wanaviweka?"

"Juani, dirishani, popote. Kinaonekana."

"Bwana Mahona, mafuta yakipigwa na jua yanachacha."

"Ndugu Mahona," alimsahihisha. "Mambo ya bwana tumeyaacha kwa mkoloni."

"Sawa, Bwana Mahona," alisema Apolinaria, akarudi kwenye karai lake.

Kilichoharibu kazi kilikuwa Saba Saba. Mahona alikuwa ameahidi wakubwa zake mifuko elfu mbili kwa ajili ya maonyesho, na zilibaki wiki mbili. Aliamuru kripsi zitoke kwenye mafuta ziende moja kwa moja mfukoni, mdomo uchomwe, mfuko utupwe kwenye robota. Kupoza ni kupoteza muda.

"Zitatoa mvuke," Apolinaria alisema.

"Joto linaua vijidudu, ndugu. Hilo ni jambo la kisayansi."

"Linaua, sikatai. Sasa mvuke utakaobaki ndani, wenyewe utauawa na nani?"

Mahona akatafuta chaki akachora mshale unaopanda juu, akaeleza kwamba hewa ya moto hupanda. Apolinaria alimuuliza ikishapanda mpaka juu ya mfuko ikakuta umechomwa itakwenda wapi, naye akasema maswali yatajibiwa mwishoni. Mwisho haukufika. Mifuko ilijazwa moto moto, na kwa kuwa karakana haikuwa na nafasi, ikapelekwa kulala kwenye ghala la kuazima lililokuwa na robota za tumbaku upande mmoja na mapipa ya mafuta ya taa upande wa pili. Apolinaria aliisindikiza mpaka mlangoni, akavuta harufu ya mle ndani mara moja, akamtazama Mahona. Alishasema vya kutosha kwa mshahara ule.

Siku ya Saba Saba meza ya karakana ilipambwa kwa vitenge, mifuko imepangwa juani inang'aa kama samaki. Mgeni rasmi alifika, akapewa mfuko, akaufungua mbele ya watu, akatia kripsi mdomoni. Kila mtu alingoja ule mlio. Taya lilitembea, lilitembea tena, na mlio haukutoka. Alitafuna kama mtu anayetafuna pindo la leso, akameza kwa heshima ya taifa, akasema "safi sana," akaomba maji. Nyuma yake mzee mmoja mwenye kofia ya mkeka alinusa mfuko wake akauliza kwa sauti, "Samahani, akina mama, hii ni ya kula au ya kuvuta?"

Jumatatu yake mwenyekiti wa ushirika alikuja karakanani kutaka kujua aibu ile imetoka wapi. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye midomo iliyopasukapasuka kwa kipupwe. Mahona alisimama na daftari.

"Uchunguzi wangu," alisema, "unaonyesha kwamba mashine ni nzima na mifuko ni mizima. Tatizo ni mikono ya akina mama. Jasho, Ndugu Mwenyekiti. Jasho la mikono limelowesha bidhaa. Na pengine kuna wanaovuta tumbaku kazini."

Bertila alivuta mikono yake akaificha ndani ya khanga, na wanawake wengine wawili wakafanya hivyo hivyo bila kujua. Apolinaria aliona ile mikono ikipotea chini ya khanga, mikono iliyoungua mafuta mwaka mzima, na safari hii alichokihisi hakikuwa dharau peke yake.

"Mwenyekiti," alisema, "una saa mbili?"

"Nina saa mbili, mama."

"Basi keti unywe chai. Na Bwana Mahona akae karibu, asije akasema hakuona."

Akawasha moto. Akakaanga kripsi mbele yao, akazijaza mfukoni zikiwa zinachemka, kwa kijiko, bila kuzigusa kwa mkono, akachoma mdomo kwa mashine ya Mahona. Akachukua nyingine zilizokaangwa alfajiri, zilizopoa juu ya shuka, akazifunga vilevile. Kisha akakata kitunguu, akakitia kwenye mfuko wa tatu, akauchoma mdomo mara mbili, akaufuta nje kwa kitambaa, akabadilisha kitambaa akaufuta tena. Mfuko huo akauweka ndani ya kopo tupu lililosuguliwa kwa majivu, akalifunika.

Wakanywa chai. Mahona alitazama saa yake mara nyingi. Muda ulipofika Apolinaria akaleta mfuko wa kwanza na wa pili, akaiweka mbele ya mwenyekiti. Wa pili ulikuwa mkavu. Wa kwanza ulikuwa na ukungu ndani, na matone madogo yalikuwa yakiteremka juu ya meno ya yule mama wa pichani.

"Huu ni mwezi wa saba," Apolinaria alisema. "Tabora haijaona tone tangu mwezi wa tano. Wewe mwenyewe midomo imekupasuka, mwenyekiti, kwa ukavu. Sasa haya maji yametoka wapi?"

Mwenyekiti alijigusa mdomo. "Hayakutoka nje," alisema polepole.

"Hayakutoka nje. Yametoka ndani ya muhogo wenyewe. Mafuta ya moto yanafukuza maji, yanatoka kama mvuke. Ukimwachia mvuke njia, anakwenda zake. Ukimfungia mlango, anageuka maji, anarudi kulala kwenye kripsi. Na huyu bwana anasema kweli kwamba nailoni haipitishi maji. Ndiyo maana hayakuweza kutoka!"

Kisha akalichukua kopo, akalisogeza mpaka chini ya pua ya mwenyekiti, akalifunua. Mwenyekiti akarudisha kichwa nyuma.

"Kitunguu!"

"Labda mfuko umetoboka," Mahona alisema haraka.

Apolinaria alikuwa akilisubiri neno hilo kama paka anavyosubiri panya. Akauzamisha ule mfuko ndani ya beseni la maji, akaukamua kwa viganja vyote viwili. Hapakutoka hata povu moja.

"Maji hayapiti," alisema. "Lakini harufu si maji. Harufu inapenya mahali ambapo maji yanashindwa, kwa sababu nailoni hii ni nyembamba na inapumua, ila inapumua kwa siri. Kama kitunguu kimetoka ndani kwa saa mbili, tumbaku na mafuta ya taa vitashindwaje kuingia kwa wiki mbili? Na hewa nayo inapita njia hiyo hiyo. Ikikutana na mafuta, na jua likiwa juu yao, yanachacha. Mikono ya Bertila haikufanya lolote katika haya. Bertila, toa mikono yako nje."

Bertila akaitoa.

Mwenyekiti alimgeukia Mahona. Mahona alikuwa akiandika mbio mbio katika daftari lake. Alipomaliza alikohoa akasema, "Hayo ndiyo niliyokuwa nakusudia kuyaeleza katika awamu ya pili."

Apolinaria hakumtazama hata viatu.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyesimamia ufungaji. Kripsi zikapozwa juu ya shuka. Robota zikaondoka kule ghalani zikawekwa kwenye chumba cha udongo, chenye baridi. Kila mifuko kumi na miwili ikavikwa karatasi ya kaki ili jua lisiione. Na kwa kuwa alijua hewa ni adui wa mafuta, aliagiza kila mfuko ukamuliwe kwa viganja mpaka nailoni ing'ang'anie kripsi, ndipo mdomo uchomwe. Mjini zilisifiwa. Watu walizila Gongoni, Kanyenye na Chemchem, mlio ukirudi midomoni kama zamani, na Apolinaria akawa anatembea shingo imenyooka kiasi cha kuchosha wenzake.

Kisha wakaanza kuzipeleka kwa treni mpaka Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Mwanawe Dionis alikuwa mhudumu wa behewa, akawa ndiye mpelekaji. Safari ya kwanza tu alirudi na uso wa mtu aliyepewa ujumbe asioutaka.

"Mama, watu wa Kaliua wanauliza kama mmeanza kuuza unga."

"Unga gani?"

Akamfungulia mfuko mmoja. Kripsi zilikuwa zimesagika. Hapakuwa na kipande kikubwa kuliko ukucha.

Apolinaria alisema ni makuli, wanatupa mizigo kama wanatupa maadui zao. Akamtuma Dionis akagombane na makuli. Zikafika unga. Akasema ni behewa, linarukaruka. Zikahamishiwa behewa jingine zikafika unga. Akasema ni akina mama wanaokata muhogo mwembamba mno, akawakatisha mnene, zikawa ngumu za kuvunja meno, na bado nyingi zikafika zimevunjika. Mwishoni alisema kosa ni la Dionis, amezaliwa na mikono ya baba yake. Hayo yote yalichukua wiki tano, na katika wiki hizo tano hapana hata mtu mmoja karakanani aliyethubutu kumwambia kwamba labda kosa liko kwake.

Dionis ndiye aliyeleta jibu, bila kujua kwamba ni jibu. Siku moja aliporudi kutoka Kaliua alimletea mama yake mfuko mmoja mzima. "Katika robota kulikuwa na minane hivi kama huu," alisema. "Wameniambia wanataka ya namna hii tu."

Mfuko ulikuwa umetuna kama mto wa kulalia. Ndani yake kripsi zilikuwa nzima, zimekaa kwa raha zao. Apolinaria aliugeuza. Mdomo wake ulichomwa mshazari, umeinama upande wa kulia, kama anavyochoma mtu wa mkono wa kushoto. Karakana nzima ilikuwa na mtu wa mkono wa kushoto mmoja.

Alikwenda kwa Bertila jioni ile ile, nyumbani kwake nyuma ya stesheni. Bertila alikuwa anachambua mboga. Alipouona ule mfuko, mboga zilimwanguka.

"Ni wa kwako?"

"Ni wa kwangu, Mama Dionis. Nisamehe. Siku ile nilichoka kukamua."

"Usinidanganye. Minane haiwi ya kuchoka."

Bertila aliziacha mboga pale sakafuni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mume wangu husafiri na mayai kutoka Kaliua. Akiyabana hayafiki. Akiyawekea majani yenye nafasi yanafika. Nikaona kripsi zikibanwa, zinagongana zenyewe kwa zenyewe, na kila pigo la nje linazifikia. Nikisema niziachie hewa kidogo, ile hewa inakuwa kama majani ya mayai. Inapokea pigo."

"Lakini hewa inachachisha."

"Inachachisha kwa mwezi, Mama Dionis. Kaliua ni safari ya siku moja, na hazimalizi wiki hazijaliwa. Mtikisiko unaziua kwa siku hiyo hiyo."

Apolinaria alitafuta kosa katika maneno yale. Alilitafuta muda mrefu, kama mtu anayepapasa shilingi gizani, na hakulipata.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu mzigo wa kwanza."

"Wiki tano! Na kwa nini hukusema?"

Bertila aliinama kuokota mboga zake moja moja. "Ungenicheka," alisema. "Na wote wangecheka pamoja na wewe."

Hakukuwa na chuki katika maneno yale, na hilo ndilo lililouma. Apolinaria alisimama pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie mjini akajiona kwa macho yake mwenyewe, kuanzia viatuni. Alimkumbuka Indu na lile "kwa sababu nimesema." Yeye aliona amemzidi Indu kwa kuwa anajua sababu za mambo. Kumbe kijiko alikuwa nacho siku zote, ila cha kwake kilikuwa kwenye ulimi.

Hakuomba radhi; hakujua zinaombwaje. Kesho yake aliwakusanya akina mama, akauinua ule mfuko mbele yao, akasema, "Huu ni mfuko wa Bertila. Ndio mfuko wa safari. Nyinyi wote mtafunga kama Bertila, na mimi nitafunga kama Bertila. Nimepoteza mihogo ya wiki tano kwa ukaidi wangu. Haya, anayetaka kucheka acheke sasa." Hakucheka mtu. Bertila alionyesha namna ya kuutunisha mfuko, kidogo, usije ukapasuka, na Apolinaria akashika foleni kujifunza kama wengine.

Mifuko iliyotuna ilileta mambo mapya. Mwezi haujaisha akaja katibu wa tawi la chama tawala, mtu mfupi wa sauti ndefu, ameshika mfuko mmoja juu kama kielelezo cha mahakamani.

"Mnauza upepo!" alipiga kelele. "Nusu ya mfuko ni upepo! Huu ni unyonyaji, akina mama. Wakulima na wafanyakazi wananunua hewa!"

Wanawake wengine waliogopa, maana katika miaka ile neno unyonyaji halikuwa neno la kuchezea. Apolinaria alifuta mikono. Alimtuma mtu kwenye duka la Fakhrudin, ng'ambo ya barabara, akaazime mizani. Akachukua mfuko wa zamani uliokamuliwa, akauweka upande mmoja, na ule wa katibu upande wa pili. Mizani ikalala sawa.

"Muhogo ni ule ule, Ndugu Katibu. Upepo tunawapa bure."

"Sasa kwa nini mnautia?"

"Bertila, mweleze."

Bertila alimtazama kwa mshangao. Halafu akaichukua mifuko yote miwili akaiweka sakafuni. "Ndugu Katibu, ipige kwa kiganja. Yote miwili, kwa nguvu sawa." Katibu akainama akapiga. Ule uliokamuliwa ulitoa mlio wa vitu vinavyovunjika. Ule mwingine ulibonyea ukarudi. Walipoifungua, mmoja ulikuwa na makombo na mwingine una kripsi. Katibu alikula zile nzima, zote, akiwa bado anafikiri, akaondoka akisema suala hili atalifikisha mbele. Huko mbele halikufika, au lilifika likala kripsi.

Mahona alihamishiwa Dar es Salaam mwaka uliofuata, kwa kupandishwa cheo. Alikuwa ameandika ripoti ndefu juu ya ufungaji wa vyakula vya kukaangwa, na mwenyekiti aliileta karakanani akaisoma. Humo mlikuwa na kitunguu, beseni na mizani, na kila mahali iliandikwa "mtaalamu alibaini." Akina mama walikasirika. Apolinaria aliuliza kama Bertila ametajwa. Mwenyekiti akapekua, akasema hapana. "Basi hiyo ripoti ifungieni makombo," alisema Apolinaria.

Kazi ilidumu mpaka mwaka sabini na tisa. Vita vya Kagera vilipokwisha, mifuko ya nailoni haikuonekana tena mjini, kama vile sabuni na dawa ya meno, na mashine ya kuchomea ikaungua waya ikakosa wa kuitengeneza. Ushirika ukavunja karakana kwa barua ya mistari minne. Wengine walirudi vijijini. Bertila alimfuata mumewe Kaliua, akaanza kukaanga nyumbani na kufunga kripsi kwa majani makavu ya mgomba ndani ya vikapu, namna aliyoibuni mwenyewe, kwa ajili ya abiria wa Mpanda.

Apolinaria alibaki Tabora peke yake mwaka mmoja, akiuza kwa kupimia. Alisema Kaliua ni mahali pa vumbi na filimbi, hapana mtu mwenye akili anayeweza kuishi pale. Kisha Dionis akamletea barua kutoka kwa Bertila. Ilikuwa fupi: masika yamekaribia, majani ya mgomba yanaanza kunywa unyevu, na yeye hajui afanye nini, je, Mama Dionis angeweza kuja waangalie pamoja?

Aliisoma mara mbili. Akasema, ili Dionis asikie, kwamba majani ya mgomba ni upuuzi na kwamba mtu yeyote angejua hivyo. Kisha akaenda kwa mafundi wa mizinga wa Ipole kununua nta ya kupaka majani yasinywe maji, na Ijumaa akapanda treni ya kwenda Kaliua, amekaa wima dirishani, bonge la nta mapajani limefungwa kwa khanga.